Fizi zikitoa damu, usiache kupiga mswaki
Ukitema povu la dawa ya meno ukaliona lina wekundu, fizi zimeanza kuugua. Wengi hapo huiruka sehemu hiyo wakiogopa kuitonesha, na ndivyo tatizo linavyokua: kinachozivimbisha ni utando wa bakteria uliobaki palepale. Ufizi mzima umekaza na umelishika jino. Uliovimba ni mwekundu, laini, unang'aa.

Tumia mswaki laini. Uinamishe nyuzi 45, ncha za brashi ziguse pale jino linapokutana na ufizi, uusogeze kidogokidogo kwa dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala. Katikati ya meno pitisha uzi wa kusafishia meno. Kusukutua maji ya chumvi hutuliza tu.

Utando ukishagandamana ukawa mgumu, yaani ugaga, mswaki hauuwezi; daktari wa meno ndiye anayeukwangua. Tafadhali usijikwangue kwa pini.

Damu isipokoma baada ya wiki 2, nenda kliniki. Ukiona usaha, au jino linacheza, usisubiri hata hizo: mfupa unaolishikilia jino ukishalika haurudi wenyewe. Mvuta sigara asitegemee damu imwonye, maana tumbaku huificha.