Andika Degedege

Juzi mwanangu wa darasa la nne kamaliza kuongea na bibi yake kwenye simu, kaniuliza: "Baba, degedege ni nini?"

Tonge likabaki mkononi. Mtoto wa Kirufiji, miaka kumi, hajui degedege!

Nikarudi 1999. Ile kazi ya baiskeli na mfuko wa fomu, kila kaya mara moja kwa miezi minne: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa. Kwenye kifo, unaacha msiba upoe, kisha unarudi na fomu ndefu kuuliza marehemu aliuguaje. Wengi walifia nyumbani, hakuna cheti wala daktari aliyewaona. Bila kuwauliza wafiwa, usingejua nini kinaua watu Rufiji.

Kaya ile nilimkuta bibi peke yake, kwenye jamvi chini ya mwembe. Mama wa mtoto alikuwa bondeni, juu ya dungu, akiwinga ndege kwenye mpunga.

"Pole kwa msiba, bibi."

"Tumeshapoa, mjukuu wangu. Uliza."

Mtoto alikuwa wa miaka miwili. Homa ilianza lini? Siku mama yake alipokwenda bondeni. Tukahesabu vidole, zikawa siku tatu. Alikakamaa? Bibi hakujibu. Aliyapindua macho yake juu, ukabaki weupe mtupu, viganja akavikunja, shingo ikakaza. Akakaa hivyo. Kuku wakapita kati yetu. Nilitaka kumwambia basi, bibi, nimeelewa, sauti haikutoka. Mwishowe akashusha macho.

"Andika degedege."

Fomu haikuwa na degedege. Ilikuwa na homa, ndiyo au hapana. Kukakamaa, ndiyo au hapana.

"Andika. Ni lile dege lilipita."

Swali la mbele: kwa nini hakupelekwa zahanati?

"Sindano ingemmaliza. Tulimfukiza mavi ya tembo."

Nami nilifukizwa hivyohivyo utotoni; moshi ule naujua. Mimi nikapona. Hilo sikumwambia.

Nikaandika DEGEDEGE kwenye nafasi ya maelezo. Huko mbele madaktari wawili wangeisoma fomu, kila mmoja kivyake, na wakipishana anaamua wa tatu. Nadhani waliandika malaria. Sikufuatilia.

Baadaye wilaya ikaanza kupanga bajeti kwa kutazama ugonjwa upi una mzigo mkubwa, vyandarua vyenye dawa vikaenea, na vifo vya watoto vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka mitano. Siku moja nikaoneshwa mchoro wake ukutani, mstari unateremka vizuri. Nikausogelea, nikaweka kidole kwenye 1999. Mwenzangu akadhani nimeona kosa.

"Ni ndege," nikamjibu mwanangu.

"Ndege gani?"

"Mkubwa."

Hakuridhika. Akaenda jikoni kwa mama yake, nikasikia: "Muulize baba yako, yeye ndiye alikuwa akiandika."