Baiti moja tu, na inafanya kazi

C3. Hiyo ndiyo programu nzima: namba moja, yaani baiti moja, iliyoandikwa kwa hesabu ya msingi wa 16 (si herufi mbili). Ihifadhi kwenye faili uliloliita a.com, iendeshe ndani ya DOSBox (programu inayoiga kompyuta ya zamani ya DOS), na utaona C:\> inarudi pale pale kana kwamba hukubonyeza kitu. Haiandiki neno wala haiulizi swali. Ila imeendeshwa, na mashine haikuganda. Hilo la kutoganda ndilo lililoninyima usingizi.

Kwa prosesa za ukoo wa Intel 8086, C3 ni amri ya ret: chukua namba iliyo juu ya steki (rundo la namba kwenye kumbukumbu, la mwisho kuingia ndilo la kwanza kutoka), kisha nenda kwenye anwani hiyo. Kwa kawaida namba hiyo huachwa na aliyekuita. Sasa programu yangu haijaitwa na kipande kingine chochote cha msimbo wangu. Yenyewe ndiyo mwanzo, yenyewe ndiyo mwisho. Inarudi wapi?

Inarudi kwa MS-DOS, mfumo endeshi wa zamani, ambao ilishapanga kila kitu mapema. Kabla ya kupakia faili la .com hutenga baiti 256, halafu programu yako ndiyo inafuata, kuanzia anwani 100h (h ni alama ya msingi wa 16, yaani 256). Kwenye steki husukuma sifuri. Basi ret inaikuta sifuri, inaruka hadi anwani 0, na hapo zipo baiti mbili, CD 20, yaani int 20h: maliza programu. Ziliwekwa pale kwa ajili ya programu zilizohamishwa kutoka CP/M, mfumo endeshi wa kabla ya DOS, zilizozoea kumaliza kwa kuruka anwani 0. Kwa hiyo baiti yangu moja imepanda lifti ya watu. Sioni aibu, gari lilikuwa linaenda huko huko.

Ukitaka iseme neno, haipandi sana:

BA 08 01 B4 09 CD 21 C3

Tatu za kwanza zinaweka anwani ya maneno kwenye rejista ya DX (kijisanduku cha namba ndani ya prosesa), mbili zinachagua huduma namba 9, ya kuandika maneno kwenye skrini, mbili zinaiita DOS, na ret yetu inafunga. Jumla 8. Ongeza "Habari$" (alama ya dola ndiyo inayoiambia DOS iishie hapo), zinakuwa 15. Ninayeandika haya nashinda nikitengeneza mifumo ya maduka, na juzi mteja kaniletea programu ya kuchapa risiti inayozidi megabaiti 90. Risiti! Niachie hapo.

Linux haina ukarimu huo. Programu tupu ya C, isiyofanya lolote, kwangu inatoka na kama kilobaiti 16. Ukiachana na C ukaandika mwenyewe kwa NASM, programu inayogeuza amri za prosesa kuwa baiti, ukitumia chaguo lake la -f bin ili kila baiti iwe chini ya mkono wako, mfumo bado unadai karatasi: kwa biti 32, kichwa cha ELF (muundo wa faili za programu za Linux) ni baiti 52, na jedwali la kueleza kinachopakiwa ni 32. Tayari 84, na hujafanya kazi. Kazi yenyewe, kutoka na kurudisha namba 42, ni 31 C0 40 B3 2A CD 80. Saba. Jumla 91.

Na hapa ndipo patamu. Ndani ya kichwa cha ELF, kuanzia baiti ya 9 hadi ya 15 ukihesabu toka sifuri, pana nafasi tupu ya kujazia ambayo keneli, kiini cha mfumo, haiisomi. Ni baiti saba kamili! Msimbo unaingia humo wote, tunarudi 84. Kisha angalia baiti nane za mwisho za kichwa: 1 halafu sifuri tupu. Baiti nane za kwanza za jedwali nazo ni 1 halafu sifuri tupu. Zipandishe moja juu ya nyingine: 76. Wenye roho ngumu wamelisukuma jedwali ndani zaidi mpaka faili likabaki baiti 45. Chini ya hapo pagumu, kwa sababu ile 1 inayosema kuna jedwali moja lazima iwe mahali namba 44, na faili haliwezi kukatwa kabla yake. Sifuri zinazofuata keneli inajijazia.

Kijana aliye mafunzoni ofisini kwetu alisikiliza yote haya, akatengeneza faili tupu, akalipa ruhusa ya kuendeshwa, akaliendesha kwenye bash, programu inayopokea amri unazochapa. Likarudisha 0, mafanikio. "Dada, yangu ina baiti sifuri." Na ana watangulizi: kwenye Unix ya zamani, amri ya true ilikuwa faili tupu hivyo hivyo. Nikamjibu kwamba keneli imelikataa faili lake, bash ndiyo iliyolihurumia ikalisoma kama skripti isiyo na mstari. Akaniuliza tofauti yake na ile int 20h ya DOS ni ipi. Mbishi, lakini ana hoja, maana DOS nayo ilinibeba. Tumekubaliana sharti la kuhesabu programu ndogo liwe hili: baiti ziwe zimepita kwenye prosesa.

Kwa biti 64 vichwa viwili ni 64 na 56, yaani 120 kabla ya amri hata moja. Mwenye faili dogo kuliko hapo, linalokubali kwenye keneli ya sasa, anitumie. Nataka kuona amepandisha nini juu ya nini.