Donge la Saltwick na tindo la Baba

Mwishoni mwa Machi 2016 Baba, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akimaliza wiki yake ya tatu nyumbani kwangu Middlesbrough, kaskazini mashariki mwa Uingereza, na kwa jinsi alivyoshinda dirishani amevaa sweta mbili juu ya kanzu, niliona wazi kwamba asipopata shughuli ataniomba nimrudishe Mombasa kabla ya siku zake. Alikuwa fundi mwashi tangu ujana. Alijenga kwa mawe ya matumbawe, akiyapasua na kuyalainisha mwenyewe kwa nyundo na tindo, na hata alipofikisha miaka 68 mikono yake ilikuwa haijakubali kwamba kazi imekwisha. Mimi nilikuwa na miaka saba katika kuokota na kusafisha visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, vya kipindi cha Jurasiki, hasa amonaiti, wanyama wa baharini wa kombe lililojiviringa, na jamaa wa chaza na kombe, shughuli isiyonipa hata senti moja lakini iliyokuwa imejaza kibanda kilicho nyuma ya nyumba yangu kutoka sakafuni hadi darini. Nikamwambia kwamba Jumamosi tutakwenda ufukweni kutafuta mawe. Hakuuliza mawe gani. Aliuliza, "Mwezi ni wa ngapi?"

Mwezi ulikuwa umepevuka siku tatu kabla ya Jumamosi hiyo, kwa hiyo bamvua lilikuwa bado na nguvu, na jedwali la maji lilionyesha kwamba bahari itakupwa kabisa karibu na adhuhuri. Baba aliridhika. Nilifurahi kwa sababu nimewaona watu wengi wakishuka kwenye fukwe zile bila kujali maji, kisha wakakuta bahari imewafungia njia na nyuma yao ni jabali lisilopandika.

Ghuba ya Saltwick iko mashariki kidogo ya mji wa Whitby, mwendo mfupi kutoka kwenye magofu ya abasia, makao ya kale ya watawa wa Kikristo. Unashuka kwa njia ya ngazi katika ukingo wa jabali, na chini unakuta mwamba wa kijivu cheusi uliolala matabaka matabaka kama mkate wa kusukuma, ambao kumbe ni tope la sakafu ya bahari lililogandamizwa miaka takriban milioni 180 iliyopita. Sharti la kwanza nililomweleza Baba ni kwamba jabali haligongwi. Mwamba ule hauna mshikamano, huporomoka bila onyo, na mtu anayechimba chini yake anajichimbia kaburi. Tunachotafuta kimeshaangushwa na mvua na kuoshwa na mawimbi: madonge ya mviringo, magumu kuliko mwamba ulioyazaa, ambayo yamelala ufukweni pamoja na kokoto nyingine zote.

Madonge hayo ndiyo siri ya uzuri wa visukuku vya Whitby. Kombe la amonaiti lilipozama topeni, mara nyingine chokaa ilijikusanya kulizunguka na kuganda mapema, kabla uzito wa tope la juu haujalikandamiza. Lililopata donge lilibaki na unene wake wote. Lililokosa lilibanwa likawa bapa kama alama ya muhuri, na hayo ya bapa yametapakaa katika mwamba kiasi kwamba huwezi kutembea bila kuyakanyaga. Baba alitandika koti lake juu ya mwamba tambarare akasali adhuhuri, na aliponyanyuka aliniita nione: pembeni mwa mahali alipokuwa amesujudu palikuwa na amonaiti tatu za bapa, mbavu zake nyembamba zikiwa zimepangana kama kamba ya usumba iliyoviringwa. Hizo ni Dactylioceras commune, na ndizo zilizo katika nembo ya mji wa Whitby, kwa kuwa watu wa zamani waliamini kwamba ni nyoka waliogeuzwa mawe na Mtakatifu Hilda, yule mama aliyeanzisha monasteri ya pale mwaka 657. Wachongaji wa mji walikuwa wakiziongezea vichwa vya nyoka ili waziuze kwa wageni. Jambo hilo Baba hakulipenda hata kidogo. Kwake jiwe halitumiwi kumdanganya mtu.

Kilichomgusa zaidi ni habari ya shabu. Tabaka lile la mwamba Waingereza wenyewe huliita kwa jina la shabu, kwa sababu tangu mwanzoni mwa karne ya 17 hadi mwaka 1871 lilichimbwa kwenye majabali yote ya upande ule, likarundikwa, likachomwa moto kwa miezi mingi, likalowekwa, kisha maji yake yakachanganywa na majivu ya mwani au mkojo uliochacha, ambao ulikuwa ukiletwa kwa meli hata kutoka London, mpaka shabu ikaganda. Rasi ndogo ya Saltwick, ambayo leo imesimama peke yake baharini, ni mabaki ya machimbo hayo. Ni shabu hiyo hiyo ambayo vinyozi wetu hupaka kidevuni baada ya wembe, na ambayo bibi yangu aliizungusha mtungini ili maji ya kisima yatulie. Baba aliokota kibanzi cha mwamba, akakigusisha ncha ya ulimi, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ni yenyewe. Inakaza mdomo."

Donge ni yeye aliyeliona. Mimi nilikuwa nimelipita. Miaka saba nilikuwa nimezoea kutafuta kwa macho, nikitazama kama kuna ukingo wa mbavu unaochungulia, lakini yeye alitembea kama mtu anayechagua mawe ya ukuta, akigonga moja moja kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Mengi aliyaacha kwa neno moja, "Lina mshipa," yaani lina ufa wa ndani. Alipogonga lile, lililokuwa na ukubwa wa nazi iliyofuliwa, lilitoa sauti ya kengele. Alinikabidhi. Nililigeuza huku na huku, na upande wa chini nikaona mstari mwembamba uliopinda, mweusi kuliko jiwe lenyewe, wenye urefu wa kama nusu ya kidole. Ulikuwa ni mgongo wa amonaiti. Katika kokoto zilizokuwa karibu na hapo tukaokota pia kombe dogo la Dacryomya ovum, umbo la yai, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, vifuniko vyake viwili vikiwa bado vimefumbana. Baba alilishika karibu na miwani yake. "Huyu alizikwa hai, au alizikwa upesi," alisema. "Wa kwetu wakifa hufunua kinywa." Nimesoma maelezo marefu ya kitaalamu kuhusu namna makombe yanavyofunikwa na tope, na sidhani kama yanasema zaidi ya hayo.

Jioni ile tuliingia kibandani. Nilikuwa nimetayarisha nyundo ya kilo mbili, kwa kuwa kawaida yangu ilikuwa kulipiga donge pigo moja zito na kuomba lipasuke penye kisukuku. Baba aliitazama nyundo ile akaiweka chini. Alichukua chaki, akachora mstari kulizunguka donge kwa kufuata ule ukingo mweusi, akalilaza juu ya mfuko wa mchanga, na akaanza kugonga juu ya mstari kwa tindo jembamba, pigo dogo, anageuza, pigo dogo, anageuza. Alikwenda raundi nne bila kuongeza nguvu. Katika raundi ya tano sauti ilibadilika, ikawa nzito, na akaniambia niweke mkono. Kifuniko kizima cha jiwe kiliachia chenyewe kama ganda la yai lililochemshwa.

Chini yake ilikuwepo Hildoceras bifrons, jamii iliyopewa jina kwa heshima ya Hilda yule yule. Ilikuwa na upana wa sentimita 11. Ningependa msomaji aione kama tulivyoiona chini ya ile taa: mgongoni ina ukingo uliosimama, na kila upande wa ukingo kuna mfereji, ubavuni kuna mfereji mwingine unaoizunguka yote na kuigawa sehemu mbili, ya ndani ikiwa laini, ya nje ikiwa na mbavu zilizopinda kama mwezi mwandamo, moja nyuma ya nyingine, mpaka zinapotelea katika jiwe la katikati. Nilimweleza Baba kwamba mnyama mwenyewe aliishi katika chumba cha mwisho tu, kwamba vyumba vya nyuma vilimsaidia kuelea, na kwamba jamaa zake wa karibu walio hai leo ni pweza na ngisi. Akapitisha kidole juu ya zile mbavu kwa muda mrefu.

"Hii pembe nimeshaiona," alisema.

Akanisimulia kwamba mwaka 1974, walipokuwa wakichimba msingi wa nyumba Miritini, sururu ya kibarua ilitoa jiwe lenye pembe iliyojiviringa kama ya kondoo dume. Waliligombania dakika mbili, kila mtu na maneno yake, kisha msimamizi akawakumbusha kwamba lori la mchanga linasubiri. Jiwe likaingia msingini pamoja na mengine. Sikushangaa, kwa maana mwamba ulio chini ya Changamwe na Miritini nao ni wa Jurasiki, ingawa ni wa baadaye kidogo kuliko ule wa Whitby, na tangu karne ya 19 wataalamu wa Ujerumani walikwisha kuandika kuhusu amonaiti za Mombasa. Nilimweleza pia kwamba leo Kenya ina sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006, na kwamba kisukuku cha kule si cha mtu kujiokotea kama tufanyavyo Saltwick. Ukikiona, unawaarifu watu wa makumbusho. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba nyumba ile bado imesimama, na kwamba kona aliyoliweka anaikumbuka.

Kwa siku mbili zilizofuata nilifanya kazi kwa kalamu ya hewa, chombo chenye ncha ya chuma kigumu kinachotikiswa na hewa ya kompresa na kumega jiwe punje kwa punje, huku tumevaa barakoa na miwani ya kujikinga kwa sababu vumbi lile haliondoki mapafuni. Baba alikaa kando yangu na kioo cha kukuzia. Jiwe lilikuwa likiachana na kombe vizuri, mpaka tulipofika kitovuni, pale mizunguko ya ndani inapozidi kuwa midogo. Hapo madini ya chuma na salfa yalikuwa yamelishikamanisha jiwe na kombe vikawa kitu kimoja. Baba alisikia mlio wa kalamu ukibadilika kabla yangu.

"Hapo acha, mwanangu. Jiwe limeshagoma."

Sikuacha. Nilikuwa nimeshaona picha kichwani mwangu ya kitovu kilichofunguka mpaka mwisho, na nikajiambia kwamba bado milimita mbili tu. Ncha ikateleza. Kipande cha mizunguko ya ndani, ukubwa wa ukucha, kiliruka pamoja na jiwe lililokishika, na nikakisikia kikigonga ukuta wa mabati.

Baba hakunilaumu. Alizima kompresa, akaenda jikoni akarudi na chekecheke la unga la mke wangu, na tukafagia sakafu yote ya kibanda, tukachekecha lile vumbi kijiko kwa kijiko kama unavyochekechwa mchanga wa lipu. Tulipata vipande viwili. Cha tatu, ukubwa wa punje ya mchele, hatukukipata usiku ule wala kesho yake. Nilivigandisha viwili tulivyonavyo kwa gundi nyembamba, Baba akivishika kwa kibano bila mkono kutikisika, na ufa ukabaki kama unywele mweusi kwenye mzunguko wa tatu. Kisha nikachukua utomvu wa kuzibia na rangi ya kijivu ili nilifunike lile tundu.

"Ukiziba, utaandika kwamba umeziba?" aliniuliza.

Nikawaza juu ya visukuku ninavyovijua vilivyozibwa, vikapakwa rangi, na kuuzwa kama vizima, ambavyo siku zote vimenikera. Nikarudisha kopo mahali pake. Tulipaka tu dawa nyembamba ya kuimarisha kombe, iliyoyeyushwa kwa asetoni, tukaiacha ikauke.

Kilichobaki kilikuwa lebo. Kisukuku kisichoandikwa kilikookotwa ni pambo tu, hakimwambii mtu chochote, kwa hiyo huwa ninaandika kadi kabla sijaweka kitu kabatini. Safari ile nilimpa Baba kalamu. Aliandika taratibu, kwa herufi zilizosimama wima alizokuwa akiandikia vipimo kwenye mbao za kiunzi, na kadi hiyo bado iko chini ya amonaiti kama alivyoiacha:

"Saltwick, Whitby. Mwamba wa shabu. Machi 2016, maji ya bamvua. Kimeonwa na baba, kimesafishwa na mwana. Kipande kimoja cha kitovu hakikupatikana."

Mbele yake nimeliweka lile kombe dogo, vifuniko vyake vimefumbana.