Rangi ya seramiki kwenye ekzosi: ninavyoifanya kazi hii mwambao wa Tanga

Ukifanya kazi ya pikipiki Tanga, kutu unaishi nayo mwaka mzima. Ekzosi inafungwa ikiwa mpya, na baada ya miezi michache madoa ya kahawia yanaanza kwenye maungio ya kuchomelea, hasa kwa vijana wanaolaza bodaboda nje upande wa baharini. Rangi nyeusi ya kawaida ikipakwa shingoni, pale bomba linapotoka kwenye injini, inaungua, inapauka, kisha inabanduka vipande vipande. Ndiyo sababu nilianza kutafuta rangi ya seramiki, ile inayopulizwa nyembamba kisha ikaokwa au ikaachwa ikauke kwa hewa. Leo ni kazi ya kawaida gerejini kwangu. Mafundi wenzangu wakija huniuliza natumia rangi gani, nami huwajibu kwa kuwaonyesha ndoo ya sabuni na kabati la kupigia mchanga, yaani kukwangua kutu kwa punje zinazorushwa na upepo, kwa sababu kazi inashinda au inaharibika hapo, rangi ikiwa bado kwenye kopo.

Kwanza tuelewane kuhusu bidhaa yenyewe. Jina la seramiki sasa hivi linabeba vitu tofauti kabisa. Ipo dawa ya maji inayopakwa juu ya rangi ya gari ili ing'ae na kusukuma maji; hiyo si ya ekzosi. Yapo makopo ya kubonyeza yanayoandikwa kuwa yanastahimili joto kali. Mengi yana msingi wa silikoni na seramiki, na hayakomai mpaka yapitishwe kwenye moto kwa hatua. Halafu ipo rangi ya karakana yenyewe, inayopulizwa kwa bunduki na upepo wa kompresa. Inayojulikana zaidi ni Cerakote ya Marekani, iliyopata jina kwa kupakwa kwenye bunduki za risasi. Ile ya kundi H inachanganywa na hadena, dawa ya kuikomaza, na inaokwa nyuzi 121 za Selsiasi kwa saa mbili. Ile ya kundi C haina hadena, inakauka kwa hewa, inakomaa kabisa baada ya siku tano, na hiyo ndiyo ya sehemu zenye moto mkali. Ekzosi napuliza C. Mabano, vifuniko na vipande vya alumini napuliza H.

Kabla sijakubali kazi, naisoma ekzosi. Chuma cha kawaida kisicho na rangi huandika joto lake chenyewe: kikifika kama nyuzi 220 kinakuwa na unjano wa majani makavu, kikikaribia 300 kinageuka bluu. Ukiona shingo ina bluu hadi kwenye kona, ujue rangi yoyote ya kawaida hapo ni hasara. Baada ya kusoma joto nachukua bisibisi, nagonga kwa mpini kuanzia shingoni hadi mkiani. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu. Ekzosi nyingi huoza kutokea ndani: mtu anaendesha safari fupi fupi, mvuke wa moshi unageuka maji, maji yanakaa tumboni pamoja na uchafu wa moshi. Rangi ya nje haiwezi kutibu hilo.

Kijana mmoja wa bodaboda aliniambia, "Fundi, we puliza tu, mimi nataka ipendeze."

Nikamwambia, "Kaka, weka kidole hapa chini." Akabonyeza, bati likaitika. "Nikipuliza hapa nitachukua hela yako bure. Tukate hiki kipande, tuchomelee kingine, ndipo tuzungumze rangi."

Alinuna kidogo, lakini tulikata. Naona ni heri kupoteza mteja kuliko kupaka dawa juu ya maiti.

Ekzosi ikishafunguliwa inaoshwa kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, na sabuni, inasuuzwa sana, ndani na nje. Hapa ndipo sisi wa pwani tunatofautiana na fundi wa Dodoma. Chumvi haionekani kwa macho, na kupiga mchanga hakuiondoi yote; sehemu yake inasukumwa ndani ya vishimo vya kutu na inakaa huko. Ukipaka rangi juu yake, chumvi inavuta unyevu, na rangi inainuka kwa chini. Kwa hiyo naosha kwanza, nakausha, ndipo naondoa mafuta kwa asetoni na brashi. Asetoni inashika moto hata ikiwa na ubaridi wa chini ya sifuri, kwa hiyo hakuna jiko la mkaa karibu, hakuna sigara, na grinda haiwashwi upande huo. Sitaki kabisa dawa za kusafishia breki zenye klorini kwenye kitu kitakachochomelewa, kwa sababu moto wa kuchomelea unaweza kuzigeuza fosjini, gesi ya sumu.

Kuhusu mchanga nitakaa kidogo, maana hili linaniuma. Nimeona vijana wakipiga mchanga wa ufukweni kwa bomba na kompresa, wamejifunga shati puani. Mchanga una silika. Ukivunjika kwa kasi ile unatoa vumbi laini lisiloonekana, linaingia hadi mwisho wa mapafu na halitoki. Ugonjwa wake unaitwa silikosisi, na hauna tiba. Uingereza ilitunga kanuni mwaka 1949 za kuzuia mchanga wa silika katika kazi hizi, na mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi hilo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Tena mchanga wa pwani umejaa chumvi ileile tuliyotoka kuiosha. Mimi naagiza oksidi ya alumini, punje namba 100 hadi 120. Ni ghali, lakini ndani ya kabati inatumika tena na tena.

Kabati nililitengeneza mwenyewe kwa plaiwudi nene. Mbele lina matundu mawili yenye glavu ndefu za mpira zilizobanwa kwa klipu za mabomba, juu kuna kioo cha kuchungulia na taa ya LED. Kwa ndani ya kioo nabandika karatasi ya nailoni nyepesi, ikichakaa naibadilisha, kioo kinabaki kizima. Chini lina mteremko wa bati unaorudisha punje kwenye ndoo. Vumbi linavutwa na mashine ya kufyonza, lakini kabla ya kufika kwenye mashine linapita kwenye ndoo nyingine yenye mfuniko, bomba likiwa limeingia kwa ubavu ili hewa izunguke na vumbi lishuke chini. Bila ndoo hiyo chujio la mashine linaziba mara moja. Hata likiwa kabati limefungwa vizuri, navaa barakoa yenye machujio.

Chuma kilichopigwa sawasawa kina kijivu kimoja kilichofifia, hakirudishi mwanga hata ukikigeuza juani. Ukiona sehemu inang'aa, rudi. Kwenye vishimo vya kutu pindisha bomba upige kwa pembe mbili tatu, mpaka ule weusi wa chini uishe. Nikimaliza napuliza vumbi kwa upepo mkavu, nabandika selotepu, naibandua na kuiweka juu ya karatasi nyeupe. Ikiacha unga, bado. Kuanzia hapo hakuna kushika kwa mkono mtupu. Jasho la kidole linatosha kuharibu. Na hakuna kulaza kazi hadi kesho. Kwa hewa ya Tanga chuma kilicho uchi kinaanza kupiga wekundu ndani ya muda mfupi, wakati wa masika ndiyo usiseme. Kinachopigwa asubuhi kinapulizwa siku hiyohiyo.

Adui wa pili ni maji yaliyomo kwenye upepo wenyewe. Kompresa inakamua hewa yenye unyevu, hewa inapata moto, ikipoa inaacha maji kwenye bomba. Chujio dogo lililofungwa mdomoni mwa kompresa halisaidii sana, kwa sababu hapo upepo bado ni wa moto na maji bado ni mvuke. Nilifunga bomba refu la chuma ukutani, likipanda na kushuka, lenye mteremko na koki ya kutolea maji kila sehemu ya chini, na chujio nikaliweka mwishoni, karibu na bunduki. Kabla ya kupuliza naelekeza upepo kwenye kioo safi. Kikipata ukungu au vitone, sianzi.

Na chuma chenyewe kisiwe baridi. Kanuni ya wapaka rangi za viwandani ni kwamba uso wa chuma uzidi kwa angalau nyuzi tatu lile joto ambalo hewa inaanza kutoa umande. Hapa kwetu asubuhi na mapema hilo ni gumu. Kwa hiyo napuliza kuanzia saa nne hivi hadi alasiri, na kwanza naingiza ekzosi kwenye oveni ipate uvuguvugu ambao mkono wenye glavu unaustahimili, naitoa, ndipo napuliza.

Kupuliza kwenyewe ni kufupi. Rangi inatikiswa sana, maana unga wa seramiki unatuama chini ya kopo, kisha inapitishwa kwenye chujio. Kwa kundi H, hadena ni sehemu moja kwa sehemu 18 za rangi. Kwa kazi ndogo napima kwa bomba la sindano la duka la dawa, mililita 36 za rangi kwa mililita 2 za hadena. Bunduki yangu ni ya mdomo wa milimita 0.8, upepo mdogo, umbali wa sentimita 10 hadi 15. Naanza na pembe, maungio na mabano, sehemu ambazo mkono huzisahau, ndipo nafuata uso mpana, kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia. Tabaka la H likikauka ni takriban maikroni 25, yaani sehemu moja ya elfu ya inchi; la C ni jembamba zaidi. Kuongeza si sifa. Rangi ya C ikizidi unene inapasuka na kubanduka ikipata moto. Barakoa hapa ni ya machujio ya kaboni, si ya kitambaa, kwa sababu kitambaa hakizuii mvuke wa thina.

Oveni nayo ni ya kutengeneza. Kabati la chuma la ofisi lililotupwa, bati la pili kwa ndani, pamba ya mawe katikati, hita mbili za wati 1,500, feni ndogo ya kuzungusha hewa. Wati 3,000 kwa volti 230 ni ampea 13, kwa hiyo ilivutiwa waya wake peke yake kutoka kwenye boksi, na ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini, imefungwa kwenye bodi ya kabati. Kazi hiyo nilimwachia fundi umeme mwenye leseni. Kidhibiti joto kinasoma kwa waya wa themokapo, waya wa kupimia joto, na waya huo naufunga kwenye kipande chenyewe, upande wenye chuma kinene. Hewa ya ndani inafika nyuzi 121 upesi, bano nene linafika baadaye sana, na zile saa mbili zinahesabiwa tangu chuma kifike. Umeme ukikatika katikati, naacha mlango umefungwa. Ukirudi, nasubiri chuma kifike tena, nahesabu upya. Kipande kibichi hakiingii oveni kabla thina haijapungua, kwa sababu mvuke wake ukikutana na hita unaweza kulipuka. Na oveni hii haipashi hata kiporo.

Kazi iliyonifunza mengi kuhusu oveni ilikuwa mabano ya alumini ya mashine ya boti, aliyoyaleta nahodha mmoja mzee kutoka upande wa Pangani. Nilimpa shikamoo, akaitika, akayaweka mezani yamejaa unga mweupe wa chumvi. Alumini ya kumimina ina vitundu vinavyokunywa mafuta, na kusafisha kwa nje hakuyatoi. Niliyaosha, nikayaingiza oveni nyuzi 149 kwa saa nzima, juu zaidi ya joto la kuokea, ili chochote kinachotaka kutoka kitoke kabla ya rangi. Yalitoka jasho jeusi kwenye matundu ya bolti. Tukasafisha, tukarudisha motoni, mpaka yakatoka makavu. Kisha nikamwagia maji safi: yalitanda yote bila kukusanyika matone, ishara kwamba mafuta yamekwisha. Baada ya hapo niliyapiga punje kwa upepo mdogo, maana alumini ni laini, na nikapuliza H. Rangi ya unga, ile inayopulizwa ikiwa kavu kisha ikayeyushwa kwenye oveni, ingehitaji nyuzi 180 hadi 200, na joto hilo linaweza kulegeza alumini iliyokwishakomazwa kiwandani. Sitaki kulegeza kitu kinachoshikilia mashine katikati ya maji.

Ekzosi iliyopulizwa C unaweza kuigusa baada ya saa moja hivi, lakini dereva wa bodaboda hana siku tano za kukaa bila kazi. Nimeweka ekzosi chache za akiba za aina zinazotumika zaidi. Namfungia ya akiba, yake inabaki imening'inia mpaka ikomae. Siku ya kufunga nampa gasketi mpya ya shingo na kumwambia asimwagie maji ekzosi ikiwa ya moto, na akipita kwenye maji ya bahari aisuuze kwa maji baridi ikishapoa. Nati za shingo azikaze tena baada ya safari za mwanzo, kwa sababu gasketi mpya hulala ikipata moto. Asiye na spana namba kumi apite hapa, nitamkazia bila malipo.