Miguu ya Mpiga Kinubi

Kabla ya Jumapili ile, kinubi nilikuwa nimekisikia redioni na kwenye rekodi tu, na kila mara kilinijia kama pambo: sauti nyororo inayopita nyuma ya fidla na kutoweka. Nimekulia Unguja, katika nyumba ambayo taarabu ilisikilizwa kwa makini, na sauti ya ganuni, ala ya nyuzi nyingi ya taarabu, nimeizoea tangu utotoni. Nilipokuwa mwanafunzi London, rafiki yangu alinialika kwenye onyesho la kinubi kitupu, bila ya mwimbaji wala ala nyingine, katika ukumbi wa Wigmore Hall, nami nilikubali kwa shauku.

Ukumbi huo ulifunguliwa mwaka 1901 na Bechstein, watengenezaji wa piano wa Kijerumani, na una viti vipatavyo 550 tu. Udogo huo ndio neema yake. Tulikaa mbele, mahali ambapo mikono na miguu ya mpigaji ilionekana wazi.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, na kinubi kilichokuwa kirefu kuliko yeye alikiinamisha mpaka kikamwegemea bega la kulia. Nyuzi zake ni 47. Za nota ya Do ni nyekundu na za Fa ni nyeusi, ili jicho lisipotee katikati ya msitu ule. Alianza na Impromptu ya mtunzi Mfaransa Gabriel Fauré, iliyotungwa mwaka 1904 kwa ajili ya mashindano ya wanafunzi wa muziki wa Paris, na sauti za mwanzo zilinishtua kwa ukubwa wake. Nyuzi nene za chini zilinguruma, nikausikia mtetemo wake kifuani, na ile dhana yangu ya pambo ikafa hapo hapo.

Lakini kilichonishika zaidi ni miguu. Chini ya kinubi kuna pedali saba, moja kwa kila nota, na kila pedali ina vituo vitatu. Mpigaji anapoikanyaga, visahani vidogo vyenye pini, vilivyo juu kabisa ya ala, huzungushwa vikaubana uzi na kuufupisha, sauti ikapanda nusu hatua. Wapiga ganuni wetu hufanya kazi ya namna hiyo kwa mkono wa kushoto, wakiinua na kulaza vibati vya shaba vilivyo chini ya nyuzi. Yule mama aliifanya kwa miguu yote miwili, huku mikono ikiendelea kucharaza kana kwamba haina habari. Mfumo huo wa pedali mtengenezaji wa vinubi Sébastien Érard aliupatia hataza mwaka 1810 hapo hapo London, ambako karakana yake ilikuwa mtaa wa Great Marlborough, mwendo mfupi kwa miguu kutoka ukumbini.

Rekodi hazionyeshi pia kazi ya kunyamazisha. Uzi wa kinubi ukishapigwa huendelea kulia, na usipozuiwa, sauti ya zamani huingia ndani ya mpya na kuivuruga. Kwa hiyo mara kwa mara aliweka viganja vyake bapa juu ya nyuzi, haraka na kwa upole, na kwangu viganja vile vilikuwa sehemu ya muziki sawasawa na vidole. Katika kipande kimoja cha karne ya 20 aliubisha ubao kwa vifundo vya vidole, kisha akaparuza nyuzi za chini kwa kucha, na mzee aliyekaa mbele yangu akajiinua kitini ili aone vizuri.

Baada ya onyesho wasikilizaji walipewa kahawa, na mpigaji akatoka kuzungumza nao. Nilimwomba anionyeshe vidole vyake. Ncha zake zilikuwa na sugu ngumu, isipokuwa za vidole vidogo vya mwisho, ambavyo havitumiki kabisa katika upigaji wa kinubi. Nilipomuuliza kuhusu miguu, alifungua karatasi zake za muziki: chini ya kila mstari palijaa alama za penseli, zilizofutwa na kuandikwa upya, za kila pedali inayobadilishwa na wakati wake. Akaniambia kuwa kipande kipya huwa anakifanyia mazoezi ya miguu peke yake kwanza, mikono ikiwa mapajani, mpaka miguu ikiufahamu wimbo.