Nilivyokuza fuwele za iodidi ya bismuthi ndani ya chupa ya chai

Katika utafiti wangu wa shahada ya uzamili nilichagua fuwele mseto (zenye sehemu ya kikaboni na sehemu isiyo ya kikaboni) za bismuthi badala ya zile za risasi zinazosifiwa sana katika seli za jua, kwa sababu risasi ni sumu na maabara yetu haikuwa na njia ya kuaminika ya kutupa taka zake. Niliilenga (CH3NH3)3Bi2I9, yaani kampaundi ya methilamoniamu, bismuthi na iodini, ambayo hesabu yake ni nyepesi: moli tatu za iodidi ya methilamoniamu kwa moli mbili za iodidi ya bismuthi, yaani gramu 0.48 kwa gramu 1.18, ziyeyushwe katika asidi ya hidroiodiki ya moto, kisha myeyusho upoe. Asidi yenyewe niliikuta imekuwa ya kahawia kwa kukaa sana, lakini matone machache ya asidi ya haipofosforasi yaliirudisha iodini kuwa iodidi na rangi ikafifia nikiitazama.

Mara ya kwanza niliuacha myeyusho mezani upoe wenyewe, na baada ya dakika chache ukashusha vumbi jekundu tu. Kosa kubwa zaidi lilifuata: nililisuuza vumbi hilo kwa maji, kama nilivyozoea kufanya kwa chumvi nyingine, nalo likabadilika rangi na kuwa kama tofali juu ya karatasi ya kuchujia. Maji yalikuwa yameivunja iodidi ya bismuthi na kuacha BiOI (oksiiodidi ya bismuthi), ambayo vilele vyake vya eksirei, yaani pembe ambazo fuwele hutawanya eksirei kwa nguvu, karibu na nyuzi 29.6 na 31.7, havikuniachia nafasi ya kubisha.

Mara ya pili niliufunga myeyusho katika neli ya majaribio yenye kizibo, nikaitumbukiza ndani ya chupa ya chai iliyojaa maji ya nyuzi 90 za Selsiasi, nikafunika na kwenda zangu. (Chupa hiyo haikurudi jikoni tena, na kwa hakika isirudi.) Nilipoifungua siku mbili baadaye nilikuta vibamba vya pembe sita, rangi ya damu ya mzee, vingine vyenye upana wa milimita mbili. Nilivichuja, nikavisuuza haraka kwa etha baridi na kuvihifadhi kwenye silika jeli.

Upimaji nao ulikuwa na mtego wake. Mchoro wa kwanza wa eksirei ulionyesha vilele vitatu tu vyenye nguvu, karibu na nyuzi 8.1, 16.3 na 24.5, nami nikadhani nimetengeneza kitu kingine kabisa. Kumbe vibamba vilikuwa vimelala chali kwenye kishikio, hivyo eksirei ilikuwa ikiona tabaka za mhimili mmoja peke yake. Nilivisaga kwa subira katika kinu kidogo cha akiki, na vilele vilivyokosekana, pamoja na kile cha nyuzi 12.6, vikajitokeza mahali pake, sawasawa na muundo wa heksagoni unaojulikana, ambamo oktahedroni (maumbo ya nyuso nane) mbili za bismuthi hushikana uso kwa uso na kukaa mbali na jozi nyingine.

Infraredi ilithibitisha kwamba methilamoniamu imo, kwa mitetemo ya N–H katika eneo la 3100 hadi 3200 kwa sentimita. Mwanga uliorudishwa na unga ulinipa pengo la nishati (nishati ndogo kabisa ya mwanga ambayo fuwele inaweza kufyonza) la karibu elektronivolti (eV) 2, ambalo linaafikiana na wekundu wake, ingawa kwa seli ya jua ya tabaka moja ni pana kuliko nilivyotamani.