Siku ya 47: mkunga amekula

Amekula! Mkunga wangu, yule samaki mrefu kama nyoka. Saa tatu usiku, kipande cha nyama ya kamba ukubwa wa kidole gumba. Akauma, akatulia, kisha lile taya la pili la kooni likakivuta ndani kikapotea. Nimebaki sakafuni na koleo mkononi, nacheka peke yangu.

Leo nilikuwa niandike kuhusu chujio jipya la taa, yule samaki wangu mwingine, bapa, wa Amazoni. Lisubiri. Taa hana neno: anakula, anajifukia mchangani, na tangu nilipoivika hita kizimba cha plastiki hajajichoma tumbo tena, hata kwa baridi hii ya Julai.

Kichwa kimeniuma kwa mkunga. Aliyeniuzia aliapa kwamba ni wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Wiki tatu nzima amejikunja ndani ya bomba, pua tu nje. Nikampa omena, tilapia, nyungunyungu, kamba wa City Market: hataki. Nikabadilisha saa za kulisha, nikazima taa (ya balbu, si samaki). Jirani kanisikia kwenye simu nikilalamika kuwa mkunga hajala, akauliza nani amejifungua. Amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, nimepima mpaka dawa ikaisha: sifuri kila mara. Maji yalikuwa safi, ila hayakuwa yake. Huyu ni Gymnothorax tile, wa midomo ya mito, ambako bahari hupanda na kushuka. Kwenye maji yasiyo na chumvi hafi upesi. Anadhoofika tu polepole.

Chumvi ya jikoni si maji ya bahari, na ile ya madukani ya akwaria bei yake ni kama karo. Binamu yangu akanitumia mitungi minne ya maji ya bahari, lita 20 kila mmoja, kutoka Mombasa, kwa basi. Utingo akataka kujua ni mganga gani kaniagiza.

Tangi la mkunga ni la lita 240, kwa hiyo mtungi mmoja hupandisha kipimo cha chumvi (uzito wa maji; yasiyo na chumvi ni 1.000) kama 0.002. Nimetia mmoja kwa wiki. Ukimimina yote kwa pamoja bakteria wa chujio wanaoondoa amonia wanaweza kufa, halafu ulie na amonia. Kipimo changu cha mshale kilidai tayari niko 1.010, kumbe viputo vimeng'ang'ania mshale. Takataka! Nimeazima rifraktomita, kifaa kinachopima chumvi kwa mwanga: tone moja tu, unachungulia: 1.006. Sitarudi kwa mshale.

Na msiniulize tena kama nitamweka taa na mkunga tangi moja. Taa wa Amazoni wamepoteza uwezo wa kuhifadhi urea mwilini kama wenzao wa baharini, ambao huitumia kustahimili chumvi. Chumvi hiyo ingemmaliza. Matangi mawili, bili mbili za stima, basi.

Mtungi wa nne uko chini ya kitanda, ni wa Jumamosi. Ila sasa hivi nimegeuka nikaona mfuniko wa tangi la mkunga umesogea upana wa kidole. Wiki saba hakuwahi kuugusa. Ngoja nitafute mawe.